Minyoo Wenye Mwendo Wetu

Ninyi vijana mnaojikwaa pasipo jiwe, haya nimeyaandika kwa ajili yenu. Ninyi ambao kiatu kinalika ncha kabla ya kisigino, ambao mwalimu wa michezo amewaita wavivu, ambao mmeanza kushika ukuta mkidhani hakuna anayewaona. Mi nimewaona. Kaeni chini msome. Sitawaambia kwamba mtapona, maana mimi mwenyewe sijapona. Nitawaambia tulipopita na tulipokosea, ili mkifika hapo mpite pembeni.

Naitwa Daforoza. Nakaa Yoba, mjini Gitega. Nilikulia Tanzania katika makazi ya wakimbizi, nikasoma huko hadi darasa la nne, kisha jembe. Tuliporudi Burundi nilikuwa na watoto wawili tayari, na Kirundi cha kuombea maji tu. Hadi leo nikikasirika kinachonitoka ni Kiswahili. Shikeni jambo hilo, maana kosa kubwa la habari hii lilitokea mdomoni mwangu.

Ugonjwa wetu unaanzia chini na kupanda juu. Mama yangu alikuwa anainua magoti kama mtu anayevuka matope, kisha unyayo unashuka wote kwa mpigo: pwa, pwa. Kule makazini watoto walimwita Mama Kwata, kwa jinsi askari wanavyopiga kwata. Na mimi nilicheka nao. Nilipokuwa na miaka arobaini na kitu, siku moja natoka kuchota maji nikasikia pwa nyuma yangu. Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Basi nikanyamaza. Nikasema ni uchovu wa shamba. Matafu yakayeyuka, mguu ukabaki kama chupa ya Fanta iliyosimamishwa kichwa chini. Vidole vya miguu vikajikunja kama vya kuku aliyelala juu ya mti. Halafu ikaja zamu ya mikono: vifungo vya blauzi, mawe kwenye maharage, ufunguo kwenye kufuli. Mara moja niliungua jikoni nikajua kwa harufu, si kwa maumivu. Miaka zaidi ya kumi nilivaa vitenge vya kufagia chini ili mtu asione. Huo ulikuwa ujinga wangu wa kwanza.

Binti yangu Goreti ameolewa Muyinga na Melkiori, fundi wa kujenga. Belise ni mtoto wao wa kwanza. Alipofika miaka saba, mvua za kwanza zilipoanza, akawa anaanguka akienda shule. Akianguka anatazama nyuma kutafuta alichojikwaa, na hakipo. Mkwe wangu, yaani mama yake Melkiori, alimkanda vifundo kwa siagi ya ng'ombe kila jioni, na nasema kwa haki kwamba alimkanda kwa upendo. Haikusaidia. Ndipo maneno yakaanza. Melkiori aligombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba, na sasa mtoto anatembea hivi. Nani kamfanyia?

Goreti akanipigia simu analia. Nilimwuliza swali moja tu.

"Anainua magoti?"

"Ndiyo, mama. Kama anapanda ngazi."

"Mlete Gitega."

Ningeweza kumwambia palepale: mwanangu, hakuna jirani, ni mimi. Sikusema. Nilimwacha mtu asiye na kosa asemwe vibaya mwaka mzima, kwa sababu nilikuwa naona haya kwa ajili ya miguu yangu. Hilo nalo lisomeni, msiliruke.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa mabenchi. Mahali wanaponyoosha viungo kuna benchi refu la saruji, baridi hata mchana, na unapewa kipande cha boksi chenye namba. Akina mama wanakaa na watoto wachanga waliozaliwa na miguu iliyopinda. Kuna wanaokutazama usoni, na kuna wanaokutazama miguuni kwanza. Belise alijifunza kukalia miguu yake. Aliyemfundisha kuitoa ni mzee mmoja wa Ryansoro, aliyekatwa mguu mmoja, ambaye tulimkuta pale kila tulipokwenda.

"Na wewe, mzee, unasubiri nini?" Belise alimwuliza.

"Nasubiri mguu wangu. Wanasema ulishatoka kiwandani. Sijui umepitia wapi, labda umeingia kilabuni."

"Mguu hauwezi kunywa pombe!"

"Wangu ulikuwa unakunywa kuliko mimi. Ndiyo maana tuliachana."

Mtoto alicheka mpaka akasahau kukalia miguu. Mtakapokaa kwenye mabenchi hayo, tafuteni mtu wa namna hiyo. Hakosekani.

Daktari wetu nitamwita Inesi. Mwanamke mfupi, anaongea haraka, mikono yake ya moto. Siku ya kwanza hakumtazama Belise peke yake. Alitutoa sote watatu hadi ukumbini, Belise, Goreti na mimi.

"Tembeeni kwa visigino. Vidole juu, hadi mlango ule."

"Wote?" Goreti akashangaa. "Mi niko mzima, dogiteri."

"Tembea tu, mama."

Belise alijaribu, vidole vikakataa kupanda. Mimi nilishika ukuta na bado nikashindwa. Goreti alianza kwa kucheka, kama mtu aliyeingizwa kwenye mchezo wa watoto. Hatua ya kwanza akacheka. Hatua ya pili akatazama chini. Vidole vyake vilikuwa vimelala sakafuni, na alivyovikaza ndivyo vilivyozidi kulala. Akasimama katikati ya ukumbi ule mbele ya watu, akanigeukia.

"Mama. Ulikuwa unajua?"

"Kuhusu wewe, hapana. Kuhusu mimi, ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu hujaolewa."

Hakunisemesha tena siku nne. Alinipikia, akanitengea, akaondoka. Mi sikumbembeleza. Mtu akiwa na haki ya kukasirika, mwacheni akasirike.

Tukatolewa damu sote watatu, ikapelekwa ng'ambo kwa watu wanaosoma damu kama sisi tunavyosoma barua. Goreti alirudi Muyinga kwa mumewe na mtoto mdogo. Belise akabaki Yoba nami, na mwanangu, na mke wa mwanangu, na watoto wao. Maharage tulivuna mara mbili bila jibu. Katika muda huo mguu wa kushoto wa Belise ulipinda kwa ndani hadi akawa anakanyagia ukingo, na ngozi ya ukingo huo ikawa ngumu kama ya kisigino cha mzee.

Jibu lilipokuja halikuwa jibu. Daktari Inesi alitukalisha, akasema katika damu yetu kuna herufi moja iliyoandikwa vibaya, na herufi hiyo inaharibu kimeng'enya fulani. Nikamwambia neno hilo linakwama kooni, atafute lingine. Akafikiri.

"Bibi, mkweo si fundi wa kujenga? Basi mwilini kuna vibarua. Kuna mmoja kazi yake ni kumpa fundi tofali linalotakiwa, kwa wakati wake. Kwenu kibarua huyo ana kasoro. Ila kasoro hiyo hatujaiona kwa familia nyingine. Inawezekana yeye ndiye mwizi wetu. Inawezekana pia ni mpita njia tu tumemkuta karibu na nyumba iliyoibiwa."

"Mtajuaje?"

"Wameichukua kasoro hiyo wakaiweka kwa minyoo. Watatazama minyoo hao wanavyotembea."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Minyoo? Nimetoa minyoo kwa watoto wangu maisha yangu yote, leo ndiyo waje kutusaidia?"

"Si wale wa tumboni, bibi. Hawa ni wadogo kuliko chembe ya ufuta, wanaishi kwenye udongo na matunda yaliyooza, hawamdhuru mtu. Nao wana kibarua kama wetu. Na mnyoo aliyezaliwa leo, wiki ijayo ana watoto. Mtu hawezi kusubiri kumwona kitukuu wa Belise ndipo ajue. Kwa minyoo, kabla ya mavuno ya maharage umeshaona vitukuu."

Hapo nilielewa. Mkulima yeyote anaelewa. Mbegu ukiitilia shaka, unaipanda kwanza kwenye kipande kidogo.

Lakini mguu haukusubiri minyoo. Wale wa kunyoosha viungo, sisi tunawaita kine, walisema waufunge plasta ngumu, kila wiki waufungue, wauvute kidogo, waufunge tena, hadi ulainike, kisha daktari wa mifupa apasue na kuhamisha mshipa. Daktari huyo alitoka mbali na alikuja kwa siku chache tu. Tuliwekewa siku ya Alhamisi, wiki ya tano baada ya plasta ya kwanza. Plasta ya kwanza Belise aliisifia, watoto wakaichora maua. Ya pili ilimwasha mpaka akaomba kijiti cha ufagio ajikune ndani. Nikakataa. Alinichukia kwa siku mbili. Ya tatu ilipofungwa, kine akasema mguu umetii, tuko vizuri.

Ndipo Muyinga wakapiga simu. Alikuwa Melkiori, na mama yake pembeni, na watu wengine nyumbani, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa. Mkwe wangu akauliza kwa Kirundi wanamfanya nini mjukuu wake muda wote huo. Swali la haki. Nikaona nimjibu kwa lugha yake, kwa heshima. Nikasema, kwa Kirundi changu cha kubangaiza: "Indwara ya Belise bayishize mu nzoka."

Nilikusudia kusema: ugonjwa wa Belise wameuweka kwa minyoo. Lakini sikilizeni. Kwa Kirundi inzoka ni nyoka. Minyoo nao huitwa inzoka, ila unamalizia, inzoka zo mu nda, za tumboni, ndipo mtu ajue. Na mimi niliambiwa hawa si wa tumboni. Kwa hiyo mwisho huo niliukata kwa makusudi kabisa, nikijiona nasema ukweli kuliko kawaida.

Simu ikakatika. Nilidhani salio limekwisha.

Siku mbili baadaye nilikwenda kuchukua karatasi za upasuaji. Niliporudi, mke wa mwanangu alikuwa amesimama uani, mikono ina sabuni. "Mama, baba yake Belise amekuja na gari. Amesema bibi yake kule anaumwa, anataka kumwona mtoto."

"Na wewe ukampa?"

"Ni baba yake, mama. Ningefanyaje?"

Kweli. Angefanyaje?

Nilipiga simu Muyinga, Melkiori hakupokea. Akapokea Goreti, kwa kunong'ona. "Mama, wanasema umemtoa Belise kwa nyoka. Wanasema Waswahili ndivyo walivyo, maneno matamu na mambo mengine chini. Wamekata plasta kwa kisu. Kesho mchana anakuja mtu wa kumchanja amtoe nyoka mguuni."

"Kwa nini hukuwaambia si nyoka?"

"Mi nilijuaje? Hukuniambia na mimi!"

Huo tena ulikuwa ukweli. Habari ya kibarua nilimpa kwa simu, ya minyoo nikabaki nayo. Nilikuwa nimezoea kukaa na mambo.

Asubuhi mapema nikamfuata daktari Inesi. Nilimkuta hajavaa koti. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alisema plasta ikitoka sasa, ndani ya siku chache mguu unarudi ulikokuwa, kisha unakaza zaidi ya mwanzo. Alhamisi ni siku sita. Daktari wa mifupa akishaondoka, yeye hajui atarudi lini. Na wakichanja mguu na jeraha likaoza, hakuna atakayeupasua.

Kisha akafungua simu yake. "Hii imefika jana. Nilitaka kukuonyesha Jumatatu."

Ilikuwa picha inayotembea. Sahani ya kioo, na juu yake kiumbe chembamba, kinapita kama maji, kinachora mawimbi, wimbi baada ya wimbi, yote sawa. "Huyu hana herufi yenu," akasema. Akatelezesha kidole. "Huyu anayo. Ametimiza siku nane, ni mtu mzima wa makamo."

Mnyoo yule alianza vizuri upande wa kichwa. Sehemu ya nyuma haikumfuata. Aliinua, akavuta, akaangusha. Akapumzika. Akainua tena. Mi nimekwenda kanisani maisha yangu yote na sikuwahi kutetemeka kama nilivyotetemeka mbele ya simu ile. Kwa sababu nilimwona mama yangu. Nilimwona Mama Kwata mtupu, kwenye sahani, akivuka matope yasiyokuwepo.

"Ni wengi?" nikauliza.

"Wote wenye herufi hiyo. Walianza vizuri, kisha wakaburuta. Mwizi ndiye huyu, bibi."

Akaitia picha ile kwenye simu ya mke wa mwanangu niliyokuwa nimeiazima, nikaifunga kwenye pindo la kitenge, nikapanda gari la Muyinga. Njiani, baada ya Karuzi, nilisali sala moja tu: huyo mtu wa kuchanja achelewe.

Hakuchelewa. Nilimkuta uani kwa mkwe wangu, amekaa kwenye kiti kizuri, mzee msafi, pombe ya ndizi mbele yake na wembe mpya bado kwenye karatasi. Belise alikuwa kwenye mkeka. Mguu ulikuwa mtupu, mweupe kwa vumbi la plasta, na pale kisu kilipopita kulikuwa na mkwaruzo mwekundu. Goreti alikuwa nyuma yake, amemshika mabega. Watu kama kumi wakanyamaza nilipoingia, na katika ukimya ule miguu yangu ilisikika yote: pwa, pwa, pwa, hadi katikati ya ua.

"Amahoro," nikasema.

Aliyeitikia ni mganga peke yake.

"Bibi," Belise akasema, "wanasema mna nyoka mwenye jina langu."

Melkiori akasimama. "Mama, mi nakuheshimu. Sikatai hospitali. Nakataa nyoka. Mtoto iko hapa na atabaki hapa."

"Kaa, Melkiori. Nimekuja kusema kosa langu, na kosa halisemwi kwa watu waliosimama."

Akakaa, nadhani kwa mshangao. Nikawaambia habari ya neno, safari hii kwa Kiswahili, maana wanakisikia. Nikasema nilitamka inzoka bila kumalizia, kwa sababu Kirundi changu ni cha kuokota, na kwamba hakuna nyoka, hakujawahi kuwa na nyoka, ni minyoo wadogo. Mkwe wangu alinisikiliza amekunja mikono.

"Mswahili hakosi njia ya kutokea," akasema. "Jana nyoka, leo minyoo. Kesho atatuambia ni kuku."

Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka.

"Njoo utazame mwenyewe," nikasema. Nikaitoa simu. Lakini jua lilikuwa kali, kioo kikawa cheusi, hakuna kinachoonekana. Nikavua kitenge changu cha juu. "Ingia hapa."

"Niingie wapi na wewe?"

"Chini ya kitenge. Unaogopa? Nyoka yuko kwenye simu, hatauma."

Watu walikuwa wanatazama, na yeye si mwanamke wa kuonekana anaogopa. Akaja. Tukajifunika wawili, vikongwe viwili chini ya kitambaa kimoja, pumzi zinagongana, na mimi kwa vidole vyangu hivi nashindwa kubonyeza. Yeye akabonyeza.

"Ndiyo huyu?"

"Ndiye huyo."

"Ni huyu tu? Hata kifaranga hamwoni!"

"Ni mdogo kuliko ufuta. Sasa telezesha. Mtazame wa pili."

Akatelezesha. Nikasikia pumzi yake inabadilika. Alitazama mara moja, akairudisha tangu mwanzo bila kuniuliza, akatazama tena.

"Anakwenda kama ulivyoingia sasa hivi," akasema taratibu.

"Ndiyo. Na kama mama yangu. Na kama Belise. Ni kitu cha damu yangu, mkwe. Kimepita kwa Goreti kikafika kwa mtoto. Si jirani yenu. Si mtu wa Muyinga. Kimetoka kwangu na nilikificha."

Akaishusha simu. Kisha akauliza kwa sauti ambayo watu wa nje wasingeisikia, "Si sisi?"

"Si ninyi."

"Mi nilimzika mtoto wa kike, wa pili, kabla ya Melkiori. Alikuwa na miezi. Siku zote nafikiri labda ni kwetu."

Nilimshika mkono. Sijawahi kumshika mkono kabla ya hapo, na tulikuwa na miaka tisa ya ukwe.

Akajifunua. Hakuwaeleza watu lolote. Alimgeukia mganga akasema, "Mzee, kunywa pombe yako, ni nzuri, kisha uende salama." Mzee yule akautia wembe mfukoni bila ubishi. Naamini hata yeye alipumua.

Lakini Melkiori hakupumua. Alijifunika kitenge peke yake na simu, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Huyo kibarua mwenye kasoro, Goreti ameniambia. Sasa nijibu mi kama fundi. Wakimpasua, kibarua anapona?"

"Hapana."

"Basi kwa nini wampasue?"

"Ukuta ukiegemea, unasubiri hadi upate tofali bora, au unauwekea nguzo?"

"Na akipasuliwa asitembee?"

"Utakuja Yoba unitukane mlangoni, na majirani wasikie. Nitakaa kwenye kiti nikusikilize hadi umalize. Lakini mguu ukikauka hivi ulivyo kwa sababu tulikaa tunabishana, hatutapata wa kumtukana."

Alimtazama mama yake. Mama yake akasema, "Mi nimeona kwa macho yangu." Basi. Siku iliyofuata tulirudi Gitega sote, na Melkiori mwenyewe ndiye aliyempakata Belise, mguu wake umelazwa juu ya paja lake.

Plasta ya nne ilifungwa kwa tabu. Kine alisema tumepoteza kidogo, si yote. Alhamisi walimwingiza saa tatu asubuhi. Benchi la upasuaji ni la mbao, lina msumari upande wa kushoto, msikae upande huo. Nilikaa hapo kati ya Melkiori na Goreti, na mlango kila ulipofunguka alitoka mtu asiye wetu. Saa sita Melkiori akaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Saa saba akasema havikupangwa sawa, kuna mstari umeenda upande. Saa nane kasoro wakatuita.

Kisha zikaja wiki sita za plasta, zikaangukia kiangazi, ashukuriwe Mungu, maana matope yangetumaliza. Kisha wiki za kujifunza upya, na kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo kinachovaliwa ndani ya kiatu. Hapo pakawa na shida: mguu mmoja namba nyingine, mguu wa pili namba nyingine. Nilikwenda kwa Mama Shabina mjini, wao ni Waislamu wenye asili ya Kihindi, duka lao la viatu ni la tangu kwa babu. Nilikuwa nimejiandaa kununua jozi mbili. Alimkalisha Belise, akampima kimya, akafungua maboksi mawili, akatoa kushoto cha huku na kulia cha kule. "Chukua hivi, bibi. Hivyo vingine viache, kuna mtoto mahali fulani ana miguu ya upande wa pili." Alisema kama jambo la kawaida. Watu wa namna hiyo msiwasahau kwenye sala zenu.

Sasa niwaambie yaliyobaki. Dawa haijapatikana. Wale wa ng'ambo wanaendelea kuwajaribishia minyoo hao vitu mbalimbali, waone kama kuna kitakachowapunguzia kuburuta. Daktari Inesi ananipa habari, na mi nimeanza kuwaulizia kama ninavyoulizia ndugu: hawajambo? Hawajafa njaa? Goreti sasa anavaa viatu vya kufunga, amekoma kubeba maji kichwani. Mdogo wake Belise tunamtazama. Mimi vitenge nimevikata vifupi, na natembelea fimbo. Ninyi, mkiwa na ndugu, vueni viatu mtazamane miguu bila aibu, mapema, kabla mguu haujakaza. Jikoni kaeni mbali na moto, ngozi yenu haitawaambia. Na mkipeleka habari za hospitali nyumbani, zipelekeni kwa lugha mnayoimudu, na mngojee hadi mtu awarudishie alichosikia.

Siku ya kutoka kwa kine mara ya mwisho, tulimrudisha Belise nyumbani Yoba. Mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Muyinga na siagi yake kwenye kibuyu. Mwanangu na mkewe walikuwepo, watoto wote, na majirani wawili waliojialika. Gari likasimama barabarani, kutoka hapo hadi kwetu kuna uwanja wa kokoto na ngazi mbili za mlango. Belise akashuka. Hakushika mtu. Alikwenda polepole, kisigino kwanza, kisha vidole, kisigino kwanza, kisha vidole, kama alivyofundishwa, na midomo yake inahesabu. Hapakuwa na pwa. Nilisikiliza, hapakuwa.

Alipofika kwenye ngazi, wote walikuwa wamejazana mlangoni. Mkwe wangu analia waziwazi, Melkiori amenyoosha mikono, watoto wanasukumana ili wamdake, na yeye amesimama chini, mguu mmoja juu ya ngazi ya kwanza, anatafuta pa kupita na hapaoni.

Nikawaambia, "Shusheni mikono. Tokeni mlangoni, mtoto anaingia."